Ishara na wahusika kidato cha tatu: mimi nilianza na jani la isale, nikajichimbia shimo

Mleta uzi, umeeleza kwamba umepangiwa Kiingereza kidato cha tatu hapa Moshi, umefundisha ishara na wahusika wiki mbili kwa hadithi fupi, umetoa jaribio, na karatasi zote zimerudi na jibu moja kana kwamba kaandika mtu mmoja. Unauliza tatizo ni wao au ni wewe. Mimi nipo kwenye chaki mji huuhuu mwaka wa kumi na moja sasa, na nadhani tatizo ni notsi zako. Zangu ndizo zilizoniponza.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika maana ya ishara ubaoni, chini yake mifano: njiwa ni amani, nyekundu ni hatari. Wakanakili, wakakariri, wakanirudishia. Mwaka wa pili nikajiona mjanja. Nikaingia darasani na jani la isale nililochuma nyuma ya nyumba, nikauliza hili ni nini. Binti mmoja wa Kibosho akasimama: mtu aliyekukosea akija kwako na isale mkononi, humfukuzi, unamsikiliza na kumsamehe. Mwingine akaongeza kwamba ndilo linalopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga. Kijana wa Kimasai akasema yeye anaona jani tu, darasa zima likacheka. Nilitoka kifua mbele.

Wiki iliyofuata nikawapa hadithi ya mkufu ya Guy de Maupassant, iliyotoka Ufaransa mwaka 1884. Nikauliza mkufu unaashiria nini. Karatasi ya kwanza: utajiri. Ya pili: utajiri. Ya kumi na tano: utajiri. Na mkufu wenyewe ni feki!

Ilinichukua muda kuelewa kwamba niliwapotosha kwa isale langu. Isale lina maana kwa sababu Wachaga walishakubaliana zamani, kabla hata hadithi haijaandikwa. Mwanafunzi akajifunza kwamba kila kitu kina maana yake iliyofichwa mahali, wakubwa wanaijua, na kazi yake ni kuibahatisha. Lakini mkufu wa kwenye hadithi hakuna aliyeukubaliana. Maana yake inajengwa humohumo, ukurasa kwa ukurasa, na wanaoijenga ni watu wanaoushika. Kwa hiyo ukifundisha ishara Jumatatu na wahusika Alhamisi, kama silabasi inavyokushawishi, umekata kitu kimoja vipande viwili.

Kwa wasioijua hadithi: Mathilde Loisel ni mke wa karani wa wizara inayoshughulikia elimu, Paris, na anaamini alizaliwa kwa maisha makubwa. Wanaalikwa kwenye sherehe ya waziri. Mume anatoa faranga 400 alizojiwekea za bunduki ya kuwindia ndege, mke anapata gauni. Halafu anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi Forestier, na usiku uleule unapotea. Wananunua unaofanana nao kwa faranga 36,000. Nusu inatoka kwenye urithi wa mume, nusu wanakopa huku na kule, hadi kwa watu wa riba. Wanalipa miaka kumi. Siku Mathilde anapokutana na rafiki yake na kumweleza yote, anaambiwa ule wa kwanza ulikuwa wa bandia, haukuzidi faranga 500. Mwanafunzi mmoja alipiga hesabu pembeni ya daftari: mara 72.

Sasa hivi nafanya hivi. Natoa fotokopi, lakini aya za mwisho nazikata kwa mkasi, hawazioni mpaka nitake. Darasa nalipasua makundi manne na kila kundi nalikabidhi kitu kimoja kilifuate hadithi nzima: gauni, mkufu, kisanduku cha mkufu, na nguo ya kila siku ya kujifunika ambayo mume anambebea mkewe kwenye sherehe. Wanachora safu nne: kitu kiko kwa nani, anakifanyia nini, anasema nini akiwa nacho, na baada ya hapo nini kimebadilika. Neno ishara silitaji kabisa kwenye kipindi hicho. Nikilitaja tu wanaanza kubahatisha.

Kundi la ile nguo ya kujifunika nilidhani nimelipa kazi nyepesi. Kumbe ndilo lililotufundisha wote. Inakaribia saa kumi alfajiri, sherehe inaisha, mume anamtupia mkewe ile nguo mabegani. Wanawake wengine wanajifunika manyoya ya bei mbaya. Mathilde hataki waione, mume anamwambia ngoja utapata baridi, yeye huyo, anashuka ngazi mbiombio. Kijana mmoja wa bweni akanyamaza kwanza, kisha akasema: siku ya wazazi mama yake alimletea sweta la mtumba kutoka soko la Memorial hapa mjini, naye akamwambia alirudishe kwenye mfuko haraka wenzake wasilione. Ilikuwa Julai. Anayejua baridi ya Julai ya kule mlimani anajua alichokikataa. Darasa likapoa. Halafu kutoka kundi la mkufu sauti ikasema, kwa hiyo cha kweli anakikimbia na cha uongo anakivaa. Hapo ndipo nilipoandika neno ishara ubaoni. Na aliyesema hivyo alikuwa bado hajui kama mkufu ni bandia. Kwake "uongo" ulikuwa kwamba mkufu si wa Mathilde.

Kundi la kisanduku nalo lilinitoa jasho. Wanandoa wanaenda kwa sonara ambaye jina lake limo ndani ya kisanduku. Anakagua vitabu vyake, anasema mkufu hakuuuza yeye, yeye alitoa kisanduku tu. Na siku unarudishwa mkufu mpya, Bi Forestier analalamika tu umechelewa, hata kifuniko hafungui. Nilikuwa nimesoma hadithi hii mara sijui ngapi bila kuunganisha hizo mbili. Kijana wa nyuma akapiga meza: "Madam, ule ni feki!" Mkasi wangu wote ukawa kazi bure.

Kuhusu wahusika, nina sheria moja tu: sifa bila kitendo haina alama. Ukiandika Mathilde ana tamaa, nionyeshe mahali. Wanakimbilia pale anapofunguliwa vito vya rafiki yake na bado anauliza kama hana vingine. Sawa, umepata alama. Lakini mume je? Wengi huandika "mjinga" na kufunga daftari. Binti mmoja alibisha: alipoombwa zile 400 alipauka kidogo usoni, akatoa. Urithi wa baba yake, akatoa. Huyo unamwitaje? Mpole, mwoga, anampenda mkewe? Hatukuafikiana na sikulazimisha, nikawapa alama wote waliotaja kupauka.

Kuna jambo la kuchunga. Mtu atatupa methali, "nguo ya kuazima haisitiri maungo", wenzake watapiga makofi, na mjadala utakufa hapohapo. Methali ni nzuri, ila inaueleza usiku mmoja tu. Waulize ile miaka kumi ya kupiga deki, kubeba maji na kubishana bei sokoni inaelezwa na methali gani. Mwandishi mwenyewe anasema aliipokea hali hiyo kishujaa.

Lugha sasa. Wakuu wa taaluma mnaosoma hapa mtanuna, lakini mabishano hayo yote yalifanyika kwa Kiswahili. Kiingereza kinaingia mwishoni: sentensi tatu, kitu, kitendo, kinachoonyesha nini. Nikilazimisha Kiingereza tangu mwanzo wanazungumza watu wanne na hamsini wanatazama dirishani.

Na hili ndilo linaniuma. Shule niliyokuwa wakati huo ilikuwa na kibao cha mti chenye kamba, anavalishwa shingoni atakayeropoka Kiswahili, anakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Wiki ile nilikuwa mwalimu wa zamu, nilikigawa mimi mwenyewe asubuhi. Tukiwa katikati ya mkufu, binti aliyekivaa akanyoosha mkono. "Madam, na mimi nimevaa wa kuazima." Wakacheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nusu saa nzima nilikuwa nikifundisha kwa Kiswahili na hakuna aliyenivalisha kitu. Nilimwambia akivue akiweke mezani kwangu. Kengele ilipolia nilikitia kwenye mkoba, na ofisini walipouliza kiko wapi nilisema sijui.

Ile karatasi ya safu nne ninayo kwenye simu. Njoo PM nikutumie. Na kabla hujaingia darasani, hesabu vipande vya mwisho ulivyovikata, maana nakala moja ikibaki na aya ya mwisho, mwenye nayo atawasimulia wote kabla ya mapumziko.