Je, Hisa Yenye Asilimia Kubwa Zaidi ya Gawio Ndiyo ya Kununua?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Nakuru, nina umri wa miaka 43, na nimeweka akiba ya shilingi 400,000. Ningependa kununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi ili gawio linisaidie kulipa karo ya mwanangu atakayejiunga na chuo kikuu baada ya miaka miwili, na wakati huohuo mtaji uendelee kukua hadi nitakapostaafu nikiwa na miaka 60. Nimeziorodhesha kampuni kwa asilimia ya gawio, kuanzia kubwa kushuka chini. Je, nikinunua tatu za juu nitakuwa nimekosea? Na kampuni ikigawa sehemu gani ya faida yake ndipo gawio huwa salama?

JIBU: Mwalimu, nakuomba usinunue kwa kuifuata orodha hiyo kabla ya kuichambua, kwa sababu kipimo ulichotumia kuipanga hupanda kwa sababu mbili zinazopingana. Asilimia ya gawio hupatikana kwa kuchukua gawio la mwaka la hisa moja, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwanahisa, na kuligawanya kwa bei ya hisa hiyo. Kampuni ikiongeza gawio, asilimia hupanda. Bei ya hisa ikianguka, asilimia hupanda vilevile, na orodha haikuonyeshi ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea.

Tazama Safaricom, hisa ambayo Wakenya wengi wanaifahamu. Agosti 2021 iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 40, na gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 lilikuwa shilingi 1.37, yaani kama asilimia 3 ya bei. Mwanzoni mwa 2024 bei ilikuwa imeshuka hadi takriban shilingi 13, na gawio nalo lilikuwa limepungua hadi shilingi 1.20, hata hivyo asilimia ilisomeka kama 9. Mwenye orodha kama yako angeona kwamba gawio limeongezeka mara tatu, ilhali shilingi alizokuwa akipokea mwanahisa zilikuwa zimepungua.

Kilichofaa kuulizwa wakati ule ni kwa nini bei ilianguka. Kampuni ilikuwa ikitumia fedha nyingi kujenga mtandao nchini Ethiopia, ambako ilizindua huduma Oktoba 2022, na wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza hisa zao za Nairobi na kuondoka. Biashara ya Kenya, pamoja na M-Pesa, iliendelea kuzalisha fedha za kutosha kulipia gawio, na shilingi 1.20 ikabaki shilingi 1.20 kwa miaka mitatu mfululizo. Kabla ya mwaka 2025 kwisha, bei ilikuwa imepita shilingi 25. Aliyesoma hesabu za kampuni na kuelewa chanzo cha anguko alinunua gawio zuri kwa bei ya chini. Lakini nimeona pia kampuni ambayo bei yake ilianguka kwa sababu wateja walikuwa wameanza kuikimbia: asilimia ilipendeza mwaka mmoja, na mwaka uliofuata gawio halikutangazwa kabisa. Katika orodha, kampuni hizi mbili zingekaa jirani.

Kuhusu swali lako la pili, hakuna kiwango kimoja kinachozifaa kampuni zote, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wawekezaji wengi wadogo wanapoumia. Sera ya Safaricom ni kugawa asilimia 80 ya faida halisi. Kwa kampuni ambayo imekwisha kujenga sehemu kubwa ya mtandao wake na ambayo hukusanya fedha kila siku, kiwango hicho kinabebeka. Kwa kiwanda kinachohitaji mitambo mipya kila baada ya miaka michache, kingekuwa mzigo. Sasa iangalie BAT Kenya, kampuni ya sigara ambayo husifiwa sana na wapenda gawio. Kampuni hii ina hisa milioni 100, na kwa mwaka 2024 ililipa shilingi 50 kwa kila hisa, sawa na shilingi bilioni 5, ilhali faida yake baada ya kodi ilikuwa takriban shilingi bilioni 4.5. Maana yake ni kwamba iligawa zaidi ya ilichopata mwaka huo. Jambo hilo linawezekana kwa mwaka mmoja ikiwa kuna akiba, na halifanyi kampuni kuwa mbaya, lakini anayenunua kwa kutegemea shilingi 50 kila mwaka anapaswa kujua kwamba faida ya mwaka huo haikutosha kuzilipa.

Kwa hiyo chukua ripoti za mwaka za miaka mitano, ufungue taarifa ya mtiririko wa fedha kabla ya ukurasa wa faida. Tafuta fedha zilizotokana na uendeshaji wa biashara, uzipunguze kwa kiasi kilichotumika kununua mitambo, majengo na vifaa, kisha ulinganishe kinachobaki na gawio lililolipwa. Faida ni hesabu ambayo ndani yake mna makadirio mengi, lakini gawio hulipwa kwa fedha taslimu. Kampuni ambayo kwa miaka mitano imebakiza fedha zaidi ya gawio lake inastahili kuangaliwa zaidi. Ile inayokopa ili ilipe gawio, iondoe kwenye orodha hata kama asilimia yake inavutia kiasi gani.

Benki hazipimwi hivyo. Kwa benki, tazama mtaji, yaani fedha zake yenyewe zinazobeba hasara mikopo isipolipwa. Sheria inaitaka benki ya Kenya iwe na mtaji wa msingi, ambao hasa ni fedha za wanahisa na faida iliyobakizwa, usiopungua asilimia 10.5 ya mali zake zilizopimwa kulingana na hatari (mikopo na mali nyingine, zenye hatari zaidi zikipewa uzito zaidi), na mtaji wote usiopungua asilimia 14.5. Benki inapokaribia mipaka hiyo, jambo rahisi kwake ni kuzuia gawio. KCB ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 37 mwaka 2023 na haikutoa gawio la mwaka huo. Mwaka 2024 ilirudi na kulipa shilingi 3 kwa hisa. Equity ilikuwa imependekeza shilingi 2.50 kwa mwaka 2019, kisha Mei 2020, janga la korona lilipoingia, ikaliondoa pendekezo hilo ili ihifadhi mtaji. Hakuna hata moja kati ya benki hizi iliyokuwa ikifilisika. Mzazi aliyekuwa akisubiri fedha hizo alipe karo, hata hivyo, alikuta mkono mtupu.

Sasa tuje kwenye ukuaji. Tuseme una shilingi 100,000. Kampuni ya kwanza inakulipa 10,000 kila mwaka na gawio lake halikui. Ya pili inaanza kwa 5,000, na gawio lake linakua kwa asilimia 12 kila mwaka. Ya pili itaipita ya kwanza kwa malipo ya mwaka katika mwaka wa nane, na jumla ya malipo yake yote itaipita ya kwanza katika mwaka wa 12. Ukistaafu baada ya miaka 17, ya pili itakuwa imekufaa zaidi kwa mbali, hasa ukikumbuka kwamba bidhaa zikipanda bei kwa asilimia 5 kwa mwaka, ile 10,000 isiyokua itakuwa na uwezo wa kununua wa takriban shilingi 5,570 ya leo baada ya miaka 12. Lakini kwa karo ya miaka miwili ijayo, kampuni ya pili haina msaada mkubwa.

Hiyo asilimia 12 haipatikani kwa matumaini. Kampuni ikibakiza asilimia 60 ya faida yake, na kila shilingi 100 ya mtaji wa wanahisa ikizaa shilingi 20 za faida kwa mwaka, inaweza kukua kwa asilimia 12 bila kukopa wala kuuza hisa mpya, kwa kuwa 0.6 mara 20 ni 12. Ikigawa faida yote, hakuna kinachobaki cha kuikuza. Ndiyo maana gawio dogo la leo, likitoka kwa kampuni inayoitumia vizuri faida inayobakiza, laweza kuwa gawio kubwa utakapostaafu.

Ukiniuliza mimi, fedha zako zina kazi mbili na ningezitenganisha. Hata ukiwekeza zote 400,000 kwa asilimia 7, utapata shilingi 28,000 kwa mwaka, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla hujalipwa, utabaki na 26,600, kwa hiyo usiliachie gawio pekee kazi ya kulipa karo. Sehemu utakayoihitaji kwa karo ningeiweka kwenye dhamana za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, zinazoiva karibu na muda wa karo, ambazo tarehe za malipo yake unazijua mapema. Hatifungani za kawaida, yaani dhamana za muda wa zaidi ya mwaka mmoja, huanzia shilingi 50,000. Usitarajie tu kwamba riba zitabaki pale pale: dhamana za siku 91 zilizolipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024 zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 9 mwaka uliofuata. Sehemu inayobaki, ambayo hutaigusa kwa miaka kumi au zaidi, ndiyo ya hisa. Zigawanye kwa kampuni nne au tano za sekta tofauti, na uzihesabu benki mbili kuwa kitu kimoja, kwa sababu likitokea jambo la kubana mtaji zote mbili zitazuia gawio kwa pamoja.

Nunua kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mmoja. Tangu Agosti 2025 soko linaruhusu kununua hata hisa moja, tofauti na zamani ambapo kima cha chini kilikuwa 100, lakini muulize wakala wako wa hisa ada ya chini anayotoza, kwa maana ada ikila sehemu kubwa ya ununuzi mdogo, ni afadhali usubiri gawio la kampuni mbili au tatu lirundikane ndipo ununue tena. Usikimbilie kununua siku chache kabla ya daftari la wanahisa kufungwa, yaani kabla ya kampuni kuorodhesha watakaolipwa, ili uwahi gawio: muda wa kununua na kustahili gawio ukishapita, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, nawe utakuwa umelipa ada ya wakala na kodi kwa fedha zilizokuwa zako.

Baada ya hapo, soma matokeo ya nusu mwaka na ya mwaka mzima ya kila kampuni uliyonunua. Bei ikishuka huku fedha za uendeshaji zikiwa imara, sioni sababu ya kuuza. Fedha hizo zikipungua miaka miwili mfululizo huku gawio likibaki vilevile na deni likiongezeka, uza kabla ya bodi kutangaza kile ambacho hesabu zimekwisha kukuambia. Na unapofungua akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako, hakikisha namba ya akaunti ya benki uliyoandika ndiyo unayoitumia, uibadilishe mara tu unapohama benki, maana gawio lisilofika kwa mwenyewe huishia kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali zisizodaiwa, na kulirudisha huchukua muda mrefu.