"Sasa mwanangu, mbona hunishauri?"

Juzi Jumatano nimeamka nakuta voisi ya mama mmoja WhatsApp, dakika nne na kitu, nyuma unasikia upepo wetu wa Dodoma unapiga mabati. Anasema "mwanangu, nimeongea na binti, tumelia wote, afu tumekula." Nikakaa kitandani nikalia na mimi. Mama huyu (nimebadili vitu viwili vitatu asijulikane) alikuja kwangu kwa ushauri nasaha mara 9, na mara zote hizo sijamwambia hata siku moja afanye nini, na kuna watu walishaniambia hiyo siyo kazi. Ndo maana naandika, najua wengi mnaonisoma mko kwenye hii fani au mnaitaka, na ndoto yenu ni kama yangu tu, uwe na kachumba kako, viti viwili, mtu akitoka pale awe amepumua.

Ila nianze nilipoharibu.

2019 nimetoka chuo, nimepata kazi kwenye kituo kimoja hapa mjini, akaja kaka mmoja dereva wa bajaji, amefiwa na mtoto, anakunywa kuanzia asubuhi. Nikamwambia pole, nikamwambia kazi ya Mungu haina makosa, afu nikafungua daftari nikampa hatua tano za kuacha pombe, nikaongea peke yangu kama dakika arobaini hivi, yaani nilihubiri. Akasema "asante dada, nimekuelewa." Hakurudi. Miezi kadhaa mbele nimepanda bajaji Majengo naenda Nkuhungu, kumbe dereva ni yeye, akaendesha mpaka mwisho anaangalia mbele tu, nikashuka nikamlipa hatujasemezana. Hiyo "nimekuelewa" inanichoma mpaka leo. Aliyetakiwa kuelewa pale ni mimi.

Na jamani, lugha yenyewe inatuponza. Kazi yetu inaitwa ushauri nasaha. Ushauri ni kumwambia mtu afanye nini, nasaha nayo ni hivyo hivyo, kwahiyo mtu anakuja ameshajua atapewa maneno mara mbili, na wewe unaona usipompa umemdhulumu nauli yake.

Carl Rogers, yule mwanasaikolojia Mmarekani aliyeanzisha njia ya ushauri ya kumweka mteja katikati, naye alipita humo humo. Alifanya kazi miaka 12 na watoto kule Rochester, New York, na anasimulia kuhusu mama mmoja mwenye kijana mtundu kupitiliza. Rogers anajua tatizo liko wapi, ni mama alimkataa mtoto tangu mdogo, anajaribu kila namna mama aone, mama haoni. Mwisho akamwambia tumejaribu, imeshindikana, tuachane kwa amani. Mama kafika mlangoni akageuka, akauliza kama huwa anapokea na watu wazima. Akarudi kwenye kiti akaanza kumwaga habari za ndoa yake, tofauti kabisa na ile historia kavu aliyokuwa ameitoa mwenyewe mwanzoni. Mi nikisoma hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Baadaye, 1957, akaandika masharti sita ya mtu kubadilika. Chuoni tunakariri matatu: umwelewe mteja kutokea ndani kwake, umpokee bila masharti, na uwe mkweli usijifiche nyuma ya cheo. Sharti la sita ndo watu tunalisahau, kwamba mteja mwenyewe awe ameviona kwako hivyo viwili vya kwanza, hata kidogo. Yule kaka nilimhurumia sana moyoni, lakini yeye aliona daftari.

Sasa mama wa voisi. Ananizidi umri mbali, naanza na shikamoo, ananiita mwanangu, na mtu mzima kwetu hamwagi mambo yake mbele ya mtoto. Binti yake alipata mimba akiwa shule, mama akamfukuza, miaka imepita. Siku ya kwanza na ya pili kaongelea magoti na bei ya mahindi. Sikumkatisha. Siku ya tatu kakasirika, "sasa mwanangu, mbona hunishauri?" Nilitetemeka, nikaona nimwambie ukweli tu: mama, naogopa nikikushauri haraka nitakuwa sijakusikia, na kuna kitu nahisi hatujakifikia. Akanyamaza mudaa. Afu akasema "nilimfukuza usiku." Nikasema, usiku. Akalia, sikumwambia jikaze. Nilikuwa na maneno mengi ya msamaha mdomoni nikayameza yote, na kwenda kwa binti aliamua mwenyewe, wiki ya nane, hata sikujua kama ataamua.

Kiongozi wangu wa wakati ule alisoma faili langu akasema mbele ya wenzangu, huyu dada analipwa kukaa kimya. Nililibeba hilo neno muda mrefu, niliondoka pale nimeshajishuku kama naweza hii kazi. Leo nasema naiweza.

Kwahiyo ndugu yangu unayeanza, sikiliza. Ukimaliza kusikiliza, sikiliza tena. Acha kumwambia mtu anayelia kwamba wenzake wamepitia makubwa zaidi, acha kumfungulia vifungu vya maandiko kabla hajamaliza sentensi, acha kuangalia saa ya simu! Unajificha kwenye ushauri kwa sababu unaogopa maumivu yake, kubali unaogopa, ukae naye hivyo hivyo. Mtu siyo faili. Msikilize. Kitu kimoja tu usichanganye, mtu akikwambia anataka kujiua au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii usikae naye peke yako ukajiita mvumilivu, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, sisi hapa Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na siyo aibu kwenda.

Mama nimemjibu jana, nimemuuliza walikula nini. Mlenda na ugali wa uwele, kapika binti.

Yule kaka namba yake sina. Nikiwa Majengo huwa naangalia kwanza sura ya dereva ndo napanda.