Ukitaka kulipiwa uzamivu wa usugu wa dawa, anzia duka la dawa la mtaani kwenu

Kijana wa Malindi akimaliza digrii ya hesabu na benki zisimwite, shauri la jamaa huwa moja: kachukue ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima, sina neno nao. Lakini iko njia nyingine ambayo sisi watu wa Pwani hatuifikirii sana: utafiti wa uzamivu unaolipiwa karo na posho, ambao hesabu hutumika kufuatilia magonjwa. Mimi niliingilia huko, kwenye modeli, yaani milinganyo ya kukadiria mambo, za usugu wa bakteria: hali ya bakteria kutokufa tena kwa dawa za kuwaua (antibiotiki). Tangu hapo wadogo zangu hunijia wakiuliza namna ya kuomba. Huanza na alama. Nina daraja la pili la juu, itatosha? Itatosha, ila wenzako wote wanaoomba wanayo hiyo hiyo. Kitakachokutoa katika kundi ni kujua namba za utafiti zinatoka wapi, na hilo mtu wa Malindi analijua kuliko anavyodhani.

Simama jioni kwenye duka la dawa lolote huku Maweni au Barani. Anaingia mama, mtoto wake anakohoa. Mwenye duka anamwambia, "Hii yataka cheti cha daktari, mama." Naye anajibu, "Mwanangu, nikatie ya hamsini tu, akizidi nitampeleka hospitali." Mkasi unapita kwenye karatasi ya vidonge, vichache vinatumbukizwa ndani ya bahasha ya kaki, kalamu inaandika 1×2, mama anaondoka. Simlaumu. Hospitali ina foleni, na siku moja ya foleni ni siku moja bila kibarua.

Mtoto asipopata nafuu, ndipo hupelekwa hospitali. Maabara ikichukua sampuli na kuotesha, bakteria dhaifu wameshakufa kwa vile vidonge vya shilingi hamsini. Wanaoota ni wale walionusurika. Ripoti itaandika kwamba usugu ni mkubwa, na ni kweli, kwa wagonjwa waliofika hospitali. Kwa mtaa mzima, wakiwemo waliopona nyumbani na ambao hawakuumwa kabisa, hiyo ni namba nyingine. Mtafiti aliye mbali akiichukua ile ya hospitali akaiweka kwenye modeli kama ndiyo hali ya mji, majibu yake yatapotoka tangu mstari wa kwanza wa programu. Wewe utauliza: je, wagonjwa hawa waliulizwa kama walishameza dawa kabla ya kuja? Swali hilo moja kwenye maombi yako lina uzito kuliko kurasa mbili za kueleza jinsi Afrika inavyoteseka.

Nasema hivi kwa sababu maombi mengi ninayoombwa kuyapitia huanza na vifo. Wanataja makadirio yaliyochapishwa 2022, kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Namba ni sahihi, na wasimamizi, yaani maprofesa wanaochagua wanafunzi wa uzamivu, wanaijua kwa moyo. Wachache mno husema jambo la pili, kwamba namba hiyo yenyewe ni zao la modeli, kwa kuwa nchi nyingi, hasa huku kwetu, hazikuwa na data za maabara za kutosha. Hapo ndipo penye kazi.

Sasa hesabu yenyewe. Msingi wake ni wa zamani. Watafiti wawili, Kermack na McKendrick, waliuandika 1927: gawanya watu katika makundi, kisha andika milinganyo inayoonyesha kila kundi linavyoongezeka na kupungua siku hadi siku. Chukua bakteria wa nimonia, ambaye hukaa puani na kooni mwa watoto wengi wazima bila kuwadhuru. Namba hizi ni za kubuni. Tuseme aina inayosikia dawa, yaani inayokufa kwa dawa, hukaa kwa mtoto siku 30, na katika muda huo mtoto huambukiza wenzake 2. Aina sugu hulipia usugu wake kwa kuzaana polepole, kwa hiyo huambukiza wenzake 1.8. Bila dawa, inayosikia dawa ndiyo itakayotawala. Ingiza dawa: kila mtoto apewe dozi kama mara mbili na nusu kwa mwaka, kwa ugonjwa wowote, hata mafua ambayo dawa hizo haziyatibu. Kila dozi huifyeka aina inayosikia dawa, kwa hiyo siku zake 30 zinashuka hadi 25, na wale 2 wanakuwa 1.67, ilhali sugu inabaki na 1.8 yake. Aina sugu imeshinda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitibiwa nimonia.

Angalia pia kwamba katika hesabu hiyo dozi zote zilimalizwa. Mabango mengi humkazania mgonjwa amalize dozi, na Fleming mwenyewe, mgunduzi wa penisilini, alipopokea Nobel 1945, alionya juu ya kumeza dawa pungufu. Lakini dozi kamili isiyohitajika nayo inawafyeka bakteria wasiokuwa na hatia na kuwaachia sugu nafasi. Kwa maoni yangu hili halisemwi vya kutosha.

Modeli hii rahisi ina kasoro moja tamu. Inadai kwamba aina moja lazima iifukuze nyingine kabisa, ilhali duniani zote mbili huishi pamoja miaka na miaka. Ni kwa sababu watoto na wazee hawatumii dawa sawa? Au kwa sababu nyumba moja hunywa dawa kila mwezi na jirani hanywi? Watafiti bado wanabishana. Ukiweza kulieleza fumbo hilo kwa dakika mbili kwenye usaili, bila ubao, utaona wasimamizi wanaacha kuangalia saa.

Ujuzi wa kompyuta usikutishe. Programu ya R ni ya bure, na mfano huo hapo juu hauzidi mistari thelathini. Uandike, uubadilishe namba, uone unavunjikia wapi. Biolojia utajifunza njiani, mradi usijifanye unaijua.

Kuhusu pesa, neno "ufadhili" lisikulevye. Uingereza, nafasi za mabaraza ya utafiti ya serikali zilifunguliwa kwa wageni tangu 2021, na kwa kawaida wageni hawazidi asilimia 30. Fedha hizo hulipa karo ya kiwango cha mwenyeji. Ya mgeni ni kubwa zaidi, na tofauti hiyo vyuo vingine huisamehe, vingine haviisamehi. Uliza kwa maandishi kabla ya kushangilia. Juu yake kuna ada ya afya inayodaiwa pamoja na viza: pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na hulipwa yote mbele, kwa hiyo ya miaka minne haipungui pauni 3,104, kabla hujalipwa posho hata senti. Jamaa yangu mmoja alipata nafasi nzuri akabaki kuzungusha mchango wa harusi usio na harusi. Uswidi na Uholanzi ni tofauti: huko mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, na karo hadaiwi.

Wala usifunge matumaini kwenye mfuko mmoja. Fleming Fund, ulioanzishwa na Uingereza 2015 kusaidia nchi kama zetu kupima usugu, ulitangaziwa 2025 kwamba fedha zake zinakatwa, na waliopanga maisha yao juu yake wakaanza upya.

Kama huna shahada ya uzamili, nisingekimbilia Ulaya kwanza. AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Afrika Kusini 2003, hufadhili uzamili katika nchi kadhaa za Afrika. Na Kilifi hapo, safari ya matatu moja, kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, kilichoanza 1989, chenye data ambazo watu huzitafuta kutoka mbali. Omba kujifunza kazi pale hata kama ni ya kupanga data. Utajifunza kwa nini safu fulani ina mapengo wiki za sikukuu, jambo ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia.

Ukimwandikia msimamizi, barua pepe iwe fupi kama ujumbe wa simu ya mtu mwenye haya. Taja makala yake moja uliyoisoma, sema sehemu moja uliyoijaribu mwenyewe kwenye kompyuta na ulichokiona, kisha uulize kama atachukua mwanafunzi mwaka ujao. Asipojibu, ngoja wiki mbili, mkumbushe mara moja, uende kwa mwingine. Nafasi nyingi za Uingereza hufungwa kati ya Novemba na Januari, kwa hiyo barua ya Agosti husomwa kwa utulivu kuliko ya Desemba.

Na walimu wa kukuandikia barua za udhamini wapewe muda, walau wiki tatu, pamoja na tangazo lenyewe na ile programu uliyoandika. Mwalimu asipopewa kitu cha kushika ataandika kwamba wewe ni kijana mwenye adabu na hukosi darasani, na barua hiyo haimwambii msimamizi kama unaweza kukaa na modeli iliyogoma hadi uijue imegomea wapi.