Bigger lakini si beautifuller: alama ya kulinganisha ni moja tu

Umeuliza mambo mawili: kwa nini tunasema "bigger" lakini hatusemi "beautifuller", na kwa nini "more better" ni kosa ilhali kila mtu anaielewa. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na hilo la pili ndilo linalowasumbua wengi, kwa hiyo nianze nalo.

Sisi tunapolinganisha hatukigusi kivumishi. "Mrefu" hubaki "mrefu", kazi yote hufanywa na "kuliko" au "zaidi". Ndiyo maana mwanafunzi anaandika "My brother is tall than me" akiwa na uhakika kabisa. Amempa "than" kazi ya "kuliko", akaona imetosha. Kiingereza kinataka alama ya ulinganishi ikae kwenye sifa yenyewe, halafu "than" ije tu kumtaja yule anayelinganishwa naye. Wanafunzi wangu huwa nawaambia wafunike "than me" kwa kidole. Kinabaki "My brother is tall". Hapo kuna dalili yoyote ya mtu wa pili? Hakuna. Sasa fanya vivyo hivyo kwa "My brother is taller than me". Hata sentensi ikikatika kwenye "taller", unajua kuna mwingine aliyezidiwa urefu.

Alama hiyo huwekwa mara moja. Ama "-er" mwishoni mwa neno, ama "more" mbele yake. "More better" ina mbili, kwa kuwa "better" ni "good" iliyokwisha kulinganishwa. Zamani Waingereza wenyewe walizirundika, hata Shakespeare katika Julius Caesar aliandika "most unkindest". Kiingereza sanifu cha leo kimeliacha jambo hilo, na kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi litakupunguzia alama bila huruma.

Ninavyoona, wengi wanaosema "more better" wanatafuta msisitizo tu, na msisitizo una maneno yake: "much better", "far better". Ila usiweke "very" hapo. "Very" hukaa na sifa ambayo haijalinganishwa: "very big", lakini "much bigger". Ukilizoea hili moja, Kiingereza chako kitasikika tofauti kabisa.

Sasa "-er" au "more"? Hesabu silabi. Yenye silabi moja huchukua "-er" na "-est": "tall, taller, tallest". Yenye tatu au zaidi kwa kawaida huchukua "more" na "most", ndiyo maana "beautifuller" haipo. Utata uko kwenye silabi mbili. Zinazoishia na "-y" hupenda "-er", na "y" hugeuka "i": "happy, happier". "Narrow", "simple" na "clever" nazo huikubali. Zile za "-ful", "-less", "-ous" na "-ing" zichukulie "more" moja kwa moja: "more careful", "more famous", "more boring". Vilevile sifa zilizotokana na vitenzi, kama "tired" na "bored", hata zikisikika fupi: "more tired", "more bored". Ukikwama kwenye silabi mbili na neno haliishii na "-y", tumia "more".

Kwenye tahajia ya maneno ya silabi moja, konsonanti ya mwisho kwa kawaida hurudufiwa ikitanguliwa na irabu moja tu: "big, bigger", "hot, hotter". "Cheap" ina irabu mbili, basi ni "cheaper".

Zisizofuata kanuni ni chache, zikariri: "good, better, best", "bad, worse, worst", "far, further, furthest". Kuna na "elder", ambayo naikuta imetumiwa vibaya mara nyingi. Unasema "my elder sister", lakini husemi "she is elder than me". Ikifuatwa na "than", ni "older".

Jihadhari pia na "zaidi". Kwetu "mrefu zaidi" inaweza kuwa kati ya wawili au kati ya darasa zima. Kiingereza hutenganisha: wawili ni "the taller", kuanzia watatu ni "the tallest". Kwa hiyo "kuliko wote" usiitafsiri neno kwa neno ukaandika "tall than all". Umbo lake ni "the tallest", na usisahau "the".

Jambo la mwisho ni matamshi, na hapa sisi tuna bahati. "Long", "strong" na "young" huishia na sauti ya ng' kama katika "ng'ombe". Ukiongeza "-er" au "-est", sauti hugeuka kuwa ng ya "nguo": "longer", "stronger", "youngest", na g yake isikike. Wageni wengi wa Kiingereza huhangaika kuzitofautisha sauti hizo. Wewe unazo zote mbili tangu utotoni, kwa hiyo zitamke bila woga.