Jibu: Kuua nyoka na kobe wa maji kuna hasara gani?

Ndugu, umeuliza kama Ziwa Tanganyika litapungukiwa chochote wavuvi wakiwamaliza nyoka na kobe wanaonasa kwenye nyavu. Litapungukiwa, tena sana.

Yule swila wa maji mnayemwogopa chakula chake ni samaki karibu watupu. Mtazame penye mawe: anapenyeza kichwa ufa hadi ufa, anawatoa samaki wadogo waliojificha mahali ambapo mwindaji mnene hapiti. Huzama hata mita 25 na kukaa chini dakika kadhaa. Sumu anayo, na ni kali, ila akikuona hukimbilia majini. Kuna na nyoka mwingine anayewinda usiku, mdogo, asiye na sumu, ambaye duniani kote yupo kwenye ziwa hili tu. Huyo kumuua ni dhuluma kabisa.

Kobe wa madimbwi na mito ndiye msafishaji. Mzoga ukielea anaurarua kwa kucha za mbele. Hata kupe wa nyati na vifaru wanaokuja kuoga huwanyofoa.

Kobe akinasa, kata uzi taratibu umwachie. Swila usimguse kwa mkono, legeza wavu kwa mti mrefu ukiwa mbali.