Swichi ina lango, lakini pakiti hazitoki

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesanidi swichi yenye uwezo wa kuelekeza pakiti (vipande vya data) kati ya mitandao. VLAN 10 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi) nimeipa anwani ya IP 192.168.10.1 na VLAN 20 nimeipa 192.168.20.1. Kuelekea kwenye ruta ipo VLAN 30, ambamo swichi ni 192.168.30.2 na ruta ni 192.168.30.1, maski zote, zinazoonyesha ukubwa wa kila mtandao, ni 255.255.255.0. Kompyuta za VLAN 10 na 20 zinawasiliana, na nikiipigia ruta ping (pakiti ya majaribio inayodai jibu) kutoka kwenye swichi inajibu, lakini hakuna kompyuta inayofika kwenye intaneti. Lango chaguo-msingi, yaani anwani ya kifaa kinachopelekewa pakiti za mitandao ya nje, nimeliandika kwenye swichi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anwani zako hazina kasoro. Kule kuwasiliana kwa VLAN mbili kunaonyesha kwamba uelekezaji umewashwa, na kosa limejificha papo hapo: katika swichi nyingi, lango chaguo-msingi hutumika tu wakati swichi haielekezi pakiti, ili iweze kumjibu msimamizi aliye katika mtandao mwingine. Uelekezaji ukishawashwa, mpangilio huo hupuuzwa, mara nyingi bila onyo lolote, nayo swichi hufuata jedwali lake la njia. Lifungue jedwali hilo. Ikiwa lina mitandao yako mitatu tu, ongeza njia tuli (unayoiandika mwenyewe) ya 0.0.0.0 yenye maski 0.0.0.0, yaani ya kila anwani isiyo na njia nyingine katika jedwali, kupitia 192.168.30.1.

Hata hivyo, usishangae intaneti ikiendelea kugoma, kwa kuwa pakiti inayotoka ni lazima pia ijue kurudi. Tuseme kompyuta 192.168.10.25 imeipelekea ruta ping. Ruta inaipokea, inatafuta mtandao wa 192.168.10.0 katika jedwali lake, haiuoni, kisha inalisukuma jibu nje kwa mtoa huduma, ambako linapotea, maana anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani na hazielekezwi kwenye intaneti. Kwa hiyo iandikie ruta njia mbili, ya 192.168.10.0 na ya 192.168.20.0, zote kupitia 192.168.30.2, na uhakikishe kwamba ubadilishaji wa anwani, yaani NAT, unaihusisha mitandao hiyo pia.

Ping yako ya mwanzo, kwa kweli, ilikudanganya: swichi iliituma ikitumia anwani yake ya 192.168.30.2, ambayo ruta inaifahamu kama jirani. Irudie ukitaja 192.168.10.1 kuwa anwani ya chanzo, ndipo utakapoona wanachokiona watumiaji wako. Lango la kila kompyuta libaki anwani ya swichi katika VLAN yake, wala usilibadilishe kuwa la ruta. Majibu yakipatikana, hifadhi mipangilio ya vifaa vyote viwili, kwani katika swichi na ruta nyingi amri ambazo hazijahifadhiwa hutoweka kifaa kinapozimika.