Bati la magnesi halitaki hasira

Karakana yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, na kazi yangu ni bati: masanduku, mabomba ya moshi, majiko. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea bati jepesi alilolitoa kwenye vyuma chakavu. "Mjomba, nikunjie kasha la betri ya baiskeli." Nikadhani alumini. Nikalibana kwenye jiriwa, nikagonga mara mbili. Ya tatu, ta! Likakatika konani kama biskuti.

Siki ndiyo iliyonifumbua macho: bati lile lilikuwa la magnesi, metali nyingine nyepesi. Kwangua kidogo, dondoshea siki: alumini itanyamaza, magnesi itatoa povu. Fanya hivyo kabla hujashika nyundo.

Karibu metali zote zimejengwa kwa punje ndogo ndogo. Ndani ya punje za magnesi, atomi zimepangwa kwa pembe sita, tabaka juu ya tabaka, na zikiwa baridi tabaka hizo huteleza karibu upande mmoja tu. Rola za kiwandani nazo huzilaza punje nyingi kifudifudi, kama mikeka. Ukikunja, hazina pa kutelezea. Kwenye nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi ndipo njia nyingine hufunguka.

Kipande cha pili nilikipasha kwa gesi, kwa pupa. Kilikunjika, ila uso ukatoka vipele kama ganda la chungwa la Muheza: moto ulizinenepesha punje. Cha tatu nikakiweka ndani ya oveni juu ya bamba la chuma, waya wa kupimia joto wa multimita (kile kipimo cha mafundi umeme) pembeni, mpaka 250. Vyuma vya kubania nikavipasha pia, maana chuma baridi hunyonya joto kabla hujapumua. Nikakisukuma polepole kwa kibao. Kikatii.

Wa maabara wanafika mbali zaidi. Aloi ya AZ31, yaani magnesi iliyochanganywa na metali nyingine, yenye alumini kama asilimia 3 na zinki 1, punje zikiwa chini ya maikromita 10 hivi (sehemu moja ya mia ya milimita) na joto likitosha, huweza kuvutwa hadi mara tatu ya urefu wake. Hiyo ndiyo supaplastiki: punje zinapishana zenyewe kwa zenyewe. Punje ndogo hupishana kirahisi kuliko kubwa, mchukuzi yeyote anajua. Gunia la choroko hulala begani, la nazi linakuchoma mgongo. Lakini kwa kasi moja ya kuvuta wanayoitumia sana huko maabara, kulifikisha bati mara mbili tu ya urefu wake huchukua muda wa karibu saa tatu nzima. Anayekuambia atalivuta bakuli la magnesi kwa mtungi wa gesi, mwambie akuonyeshe.

Vumbi la tupa na msasa lifagie kila mara, linashika moto. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Maji usithubutu, yanauchochea.

Kijana alitaka kufunga kasha kwa boliti za chuma tupu. Nikakataa. Kwa upepo wetu huu wa chumvi, chuma na magnesi hazipikiki chungu kimoja. Tukakata washa, yaani pete za kuzitenganisha, kwenye dumu la plastiki la mafuta ya kula.